Barua ya Onyo kwa Nukta

Kufikia saa tatu asubuhi Afisa alikuwa ameshakaa na kuinuka zaidi ya mara nane. Kiti kilikuwa kile kile, na ofisi ile ile ya ghorofani yenye dirisha linalotazama chini kwenye ukumbi wa mitambo, ila leo kiti kilimchoma kama kimepandwa misumari. Alikaa, akafungua kitabu cha Kanuni za Wafanyakazi, akakifunga, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Mezani kulikuwa na karatasi moja tu, nakala ya barua iliyochapwa vizuri, haina jina wala sahihi. Kwenye kona yake Mkurugenzi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Shughulikia. Barua ya onyo iwe mezani kwangu kabla ya saa kumi.

Na wa kuonywa alikuwa Nukta.

Nukta halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipachikwa na watu wa kiwandani miaka mitatu nyuma, mwezi wa kwanza alipoajiriwa kuwa msahihishaji wa kampuni hiyo ya kuchapa vitabu vya shule. Siku hiyo alisimamisha mtambo mzima kwa sababu kitabu cha hesabu cha darasa la nne kilikosa nukta moja, na kukosekana kwake kulikuwa kunaigeuza mbili na nusu kuwa ishirini na tano. Watu walinuna, wakasonya, wakamwita kila jina. Mtambo ulipoanza tena kuzunguka, jina moja likabaki, naye akalipokea na kuliitikia.

Kila mtu pale alimjua. Jambo ambalo hakuna aliyelijua, au Afisa alidhani hakuna aliyelijua, ni kwamba kwa miezi minane sasa yeye, Afisa Utumishi wa kampuni, mwanamume wa miaka thelathini na minne aliyesifika kwa utulivu, alikuwa hali wala halali kwa ajili ya mwanamke huyo.

Akaisoma tena ile karatasi.

"Sisi wafanyakazi tunaojali heshma ya kampuni tunalalamikia mavazi ya msahihishaji. Anavaa nguo zisizo na staha, kama lile gauni la kijani lenye mgongo wazi, na mashati yenye mikono mipana kama mabawa. Ni mwanamke aliyekwisha kuolewa na kuachika, alipaswa kujua mipaka. Tunaomba hatua zichukuliwe."

Akarudi kwenye Kanuni. Ukurasa wa kumi na moja, mstari mmoja: Mfanyakazi atavaa mavazi yanayofaa kazini. Basi. Yanayofaa kwa kazi ipi, kwa macho ya nani, nani apime, hakuna. Mstari unaofuata unaanza kueleza namna ya kuomba likizo ya ugonjwa. Tangu aajiriwe, Afisa alikuwa ameahidi mara tatu kuandika kanuni ya mavazi iliyo kamili, na mara zote tatu akaiweka kiporo. Leo kiporo kilikuwa kimechacha.

Akanyanyua simu ya mezani.

"Mzee, hili la mavazi. Kanuni haisemi kitu."

"Basi sema wewe," sauti ya Mkurugenzi ikamjibu. "Nimekuajiri useme. Saa kumi." Simu ikakatwa.

Akamwita Nukta.

Alikuja moja kwa moja kutoka ukumbini, penseli imechomekwa kwenye nywele, harufu ya wino inamtangulia. Alivaa shati jeupe la mikono mipana, ila mikono yenyewe aliikunja hadi juu ya viwiko na kuibana kwa mipira ile ya kufungia mafurushi ya karatasi. Jumapili hadi Jumapili alikuwa akimtamani mwanamke huyu, na leo alitamani angekuwa mgonjwa, asije.

"Umeniita, Afisa."

"Karibu. Keti."

"Mlango niufunge au niuache?"

Hiyo ilikuwa desturi yao wenyewe: kazini, wakiwa wawili, mlango haufungwi.

"Uache."

Akamsogezea karatasi. Nukta akachomoa penseli kichwani, maana hakujua kusoma bila penseli, akapita mstari kwa mstari. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mahali pamoja akazungushia neno duara.

"Heshima," akasema. "Wameiandika bila i. Wanaijali sana, kuiandika tu ndiko kumewashinda."

Afisa alijaribu kucheka. Hakikutoka kitu.

"Waliolalamika ni wangapi?"

"Sijui."

"Majina?"

"Hayapo."

"Siku gani nilivaa hivyo?"

"Haikutajwa."

"Haya. Nimevunja kanuni ipi?"

Afisa akafungua ukurasa wa kumi na moja, akausoma kwa sauti, na alipofika mwisho wa mstari aliona aibu kama mtu aliyealika wageni kisha akakuta chungu kitupu.

"Yanayofaa," Nukta akarudia. "Dada wa mapokezi leo kavaa blauzi isiyo na mikono kabisa, na kapendeza. Dereva wa magari ya vitabu anakuja na kaptula tangu nimjue, magoti yake nayajua kuliko ya kwangu. Wao umewaandikia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyewalalamikia."

"Kwa hiyo kosa si nguo. Kosa ni kulalamikiwa."

Afisa akainuka, akaenda dirishani. Chini mitambo ilikuwa inazunguka, karatasi zinaruka na kulala, zinaruka na kulala. Alitamani kuwa mmoja wa wale mafundi, mwenye kazi ya kukaza boliti tu.

"Nukta, nisikilize," akasema bila kugeuka. "Mzee anataka barua. Nikimwambia nimezungumza nawe, tumeelewana, huenda akaliacha lipite. Wiki moja, mbili. Wewe vaa tu kitu kingine. Kitu cha kufunika kidogo. Mambo yapoe."

Alipogeuka, Nukta alikuwa ameiweka penseli mezani.

"Rudia."

"Nimesema tu kwamba..."

"Rudia ulivyosema, Afisa. Neno kwa neno."

Hakuweza.

"Unajua yule bwana aliyenioa alianzaje?" Nukta akauliza. Sauti yake ilikuwa chini, na hilo ndilo lililomtisha. "Watu hudhani alianza na kofi. Alianza na mikono ya blauzi. Aliniambia kwa upole, kama wewe hivyo, mama yangu anakuja, vaa kitu kingine, asije akasema. Nikavaa. Kisha vikaja viatu. Kisha rangi ya mdomo. Kisha simu. Mwaka wa tatu nilikuwa naomba ruhusa kwenda kumwona mama yangu mzazi, na funguo za nyumba anazo yeye mfukoni. Nilitoka pale na begi moja."

"Mimi si yeye."

"Sijasema wewe ni yeye. Nasema mlango uliopitia ni ule ule."

Afisa akakaa. Mikono yake haikujua pa kwenda. Aliiweka mezani, akaiondoa.

"Na tena hukuisoma hii karatasi," Nukta akaendelea.

"Nimeisoma mara kumi."

"Umeisoma kwa woga. Gauni la kijani lenye mgongo wazi. Gauni hilo limewahi kupita kwenye geti la kampuni hii?"

Afisa akaivuta karatasi karibu, akautafuta ule mstari.

"Nimelivaa mara moja tu tangu nilinunue," Nukta akasema. "Wiki mbili zilizopita, Jumapili, mchana. Wapi, na nilikuwa na nani, unapajua."

Alipajua. Hoteli ile ya bustani, ng'ambo ya daraja, mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Waliichagua kwa sababu ilikuwa mbali. Walikaa kwenye meza ya pembeni, chini ya mwavuli wa turubai, wakacheka mpaka mhudumu naye akaanza kucheka bila kujua kilichochekwa.

"Kwa hiyo aliyeandika alituona," Afisa akasema polepole.

"Aliyeandika alikuona wewe. Mimi ni gauni tu." Nukta akainuka, akarudisha penseli kwenye nywele. "Barua iandike ukitaka. Ila utie sahihi kwa mkono wako, na jina lako lote. Ukishatia, tusijuane."

Akatoka. Viatu vyake vikasikika ngazini, vikamezwa na kelele za mitambo.

Afisa alibaki akilitazama lile duara la penseli. Heshma. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyemjua, aliyeandika neno hilo vile maisha yake yote. Alikuwa ameliona kwenye kila barua iliyowahi kupelekwa kwa mwalimu wake mkuu: Kwa heshma naomba mdogo wangu aruhusiwe. Kwa heshma naomba mdogo wangu asirudishwe nyumbani.

Na ile Jumapili jioni aliporudi, Dada Mkubwa alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Mpira uliishaje?" alimwuliza.

"Sare."

"Sare," Dada akarudia, akacheka peke yake, akaendelea kukunja.

Wazazi wao walifariki mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka tisa na Dada ana ishirini. Dada akaacha chuo, akaingia kiwandani kufungasha vitabu, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa meneja wa uzalishaji. Wafanyakazi walimwita Mama Mitambo. Alikuwa anasikia mtambo ukiumwa kabla fundi hajajua, kwa mlio tu. Ndiye aliyemsomesha Afisa, na mpaka leo walikuwa wanaishi nyumba moja.

Afisa hakukumbuka kushuka ngazi. Alijikuta tu amesimama kwenye kile chumba cha vioo katikati ya ukumbi, ambamo kelele huingia nusu.

"Mdogo wangu," Dada akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Umekula?"

"Sijala."

"Chai ipo kwenye chupa."

"Dada, heshima inaandikwaje?"

Kalamu ikasimama. Dada akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi taratibu kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Ulikwenda mpirani, uliniambia. Mimi nilikwenda kumsindikiza rafiki yangu anayestaafu, wenzake wamemwandalia chakula kwenye hoteli ya bustani. Naingia, namwona mdogo wangu. Mkono wake uko mgongoni kwa yule mwanamke, kwenye ngozi, na anacheka. Umewahi kucheka vile nyumbani kwangu wewe? Tangu una miaka tisa?"

Afisa alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hili hakulitarajia.

"Ndicho kilichokuuma? Kicheko?"

"Kilichoniuma ni kuongopewa. Na kicheko pia, ukitaka kujua." Dada akageuza uso kwenye kioo. "Kakuzidi miaka minne. Kaolewa, kaachika, watu wote humu wanajua. Mimi walikuja wawili kunichumbia, nikawaambia subirini mdogo wangu amalize shule. Hawakusubiri. Sikulia. Nikasema huyu nitamwozesha mimi mwenyewe, kwa binti anayeanza naye moja. Si kwa mtu aliyekwisha kufika mwisho wa safari na kurudi."

"Hayo yote ungeniambia mezani, ningeyasikiliza kichwa nimeinamisha. Lakini umeyachukua maneno ya nyumbani, ukayavalisha sare ya kazi, ukayapeleka kwa Mkurugenzi. Kazi hii ndiyo inayomlisha yeye na mama yake, Dada. Umeliwaza hilo?"

"Ungenisikiliza?"

"Hukujaribu."

"Na wewe hukuniambia!"

"Sikukwambia kwa sababu nakuogopa."

Dada alimtazama kama aliyesikia mlio wa mtambo asioujua.

"Unaniogopa mimi? Mimi niliyekuwa nakufunga kamba za viatu?"

"Wewe hasa."

Fundi mmoja alipita nje ya kioo, akaona nyuso zao, akageuza njia. Dada alishika ncha za skafu iliyoning'inia shingoni mwake, akaanza kuzivuta huku na huku.

"Na mikono yake ile?" akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Mabawa yale yatanaswa na rola za mtambo siku moja, tukusanye vidole chini. Hilo nalo nimelitunga?"

"Hilo hukulitunga. Lingekuja peke yake, bila mgongo na bila talaka, ningeliandikia kanuni siku hiyo hiyo, yeye na kila mtu. Na yeye ameshaanza kuifunga mikono kwa mipira, mwenyewe, hakuambiwa. Wewe hiyo skafu inaning'inia hatua mbili kutoka kwenye rola kila siku ya Mungu."

Mkono wa Dada ukasimama.

"Utaandika hiyo barua?"

"Siandiki."

"Atakutoa kazini."

"Anitoe."

"Utamwambia ni mimi?"

Afisa alikuwa tayari mlangoni. Aliona nywele za mvi pembeni mwa masikio ya dada yake.

"Nitamwambia karatasi haina jina. Jina utalitaja mwenyewe, ukipenda."

Saa zilizobaki hazikwenda. Alirudi ofisini, akaandika, akachana, akaandika tena. Mara mbili alisikia kicheko cha mwanamke kwenye varanda, akaruka, kumbe ni dada wa mapokezi. Mara moja alikwenda mpaka mlango wa chumba cha wahariri, akauona mgongo wa Nukta umeinamia prufu, kurasa za kusahihishwa, hakugeuka, naye akarudi zake kama aliyesahau alichofuata. Saa kumi kasoro robo akachukua karatasi moja, akaenda kwa Mkurugenzi kabla miguu haijabadili mawazo.

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mwenye suti safi kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya meza, kama wote walivyojua na hakuna aliyesema, alivaa ndara.

"Barua iko wapi?"

"Haipo, Mzee. Na mimi siyo mtu wa kulishughulikia jambo hili."

"Kwa nini?"

"Nampenda."

"Unampenda nani?"

"Msahihishaji."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini.

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Na Kanuni zinasemaje kuhusu hilo?"

"Hazisemi kitu."

"Sasa kitabu hiki kinasema nini?"

"Likizo ya ugonjwa, Mzee. Hiyo kinaieleza vizuri."

Afisa hakukusudia mzaha, alikuwa amechoka tu. Mkurugenzi akamkazia macho kwa muda mrefu, mashavu yakamtetemeka kidogo, kisha akanyoosha mkono kupokea ile karatasi.

Aya zilikuwa chache. Ndani ya ukumbi wa mitambo, hakuna mikono mipana isiyobanwa, hakuna skafu, tai, mikufu wala viatu vya wazi, kwa mtu yeyote, menejimenti ikiwemo. Nje ya ukumbi, kanuni itaandikwa pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi, na mpaka iandikwe hakuna atakayeonywa kwa nguo. Mwenye malalamiko ataje nguo, siku, na jina lake kwa anayeshughulikia. Anayeshughulikia asiwe ndugu wala mpenzi wa anayehusika.

"Viatu vya wazi," Mkurugenzi akasoma. "Pamoja na ndara?"

"Ukumbini, pamoja na ndara."

"Hm." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye droo. "Sikia. Mama Mitambo alikuwa hapa nusu saa iliyopita. Kaniomba ile barua ya malalamiko, ile halisi niliyobaki nayo, nimrudishie. Namwuliza ya nini, ananiambia ina kosa la tahajia, anataka kwenda kulirekebisha."

Afisa akasogea mezani.

"Umempa?"

"Nimempa. Mimi ni mzee, lakini si mjinga. Sasa kuanzia leo faili la yule mwanamke nalishika mwenyewe. Likizo yake, tathmini yake, hata akiomba kalamu, wewe humo. Na mwezi ujao huenda nikakuhamishia ghalani, ukahesabu maboksi, maana afisa wa watu ananificha jambo la watu miezi minane. Nitalifikiria."

"Ndiyo, Mzee."

"Nenda kabla sijamaliza kulifikiria."

Saa kumi na moja king'ora kikalia. Watu wakamwagika getini na mifuko yao, jua bado kali, vumbi la barabara linapepea. Afisa alisimama nje ya geti, mbele ya macho ya kila mtu, akisubiri. Mafundi walimsalimu, akaitika bila kujua ameitika nini. Nukta alipotoka alimwona, akakaza mwendo, akampita. Afisa akamfuata.

"Sikuandika."

"Nimesikia."

"Nimemwambia Mzee. Kuhusu sisi. Na dada yangu anajua."

Nukta akasimama. Dereva wa kaptula alikuwa anapita, naye akapunguza mwendo kwa hamu ya kusikia, Nukta akamtazama mpaka akaongeza mwendo.

"Ulimwambiaje?"

"Kwamba nakupenda. Maneno mengine sikuwa nayo."

Nyuma yao gari dogo la bluu lilitoka getini, likaja taratibu, likasimama sambamba nao. Kioo kikashuka nusu. Dada Mkubwa alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, shingo yake iko wazi. Hakumtazama mdogo wake kabisa. Alimtazama Nukta.

"Kesho saa mbili nitakuhitaji ukumbini. Jalada la jiografia limetoka na rangi ya ajabu, bahari imekuwa ya zambarau."

"Nitakuja, Mama."

"Mikono uifunge."

"Naifunga tangu mwezi wa pili."

"Nimeona." Dada akawasha taa ya kugeukia, akaizima. "Ile karatasi nimeichana," akasema mwishowe, haraka haraka, na kioo kikapanda, na gari likaondoka.

Afisa alilitazama mpaka likapinda kona.

"Hajanitazama hata mara moja."

"Amenitazama mimi. Wewe zamu yako utasubiri."

"Sijui atakaa siku ngapi bila kunisemesha. Hajawahi."

"Utakula ugenini," Nukta akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ukingo wa mdomo wake ukacheza. Kisha ukatulia. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Yeye aliandika karatasi. Mzee akaweka kalamu nyekundu. Lakini aliyeniambia nivae kitu kingine, mambo yapoe, ni wewe. Hilo halina mwandishi mwingine."

"Halina."

"Huniambii kwamba uliogopa?"

"Niliogopa. Ila aliyesema ni mimi."

Nukta alimtazama. Alikuwa na namna ya kutazama, macho yanakwenda polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayetafuta kosa kwenye mstari na ana wasiwasi kwamba safari hii hatalikuta. Afisa alihama mguu, akahama mwingine. Angependa aambiwe akimbie mpaka ng'ambo ya mji na kurudi, kuliko kusimama pale.

"Twende," Nukta akasema.

"Wapi?"

"Kwetu. Mama yupo nyumbani. Utamwambia ulichoniambia asubuhi, kwa maneno yale yale. Kisha utamwambia unanitaka. Kwa mpangilio huo."

"Leo?"

"Leo. Kesho utakuwa umeshatafuta namna nzuri ya kulisema."

"Atanifukuza."

"Huenda." Nukta akavuta mkoba wake begani. "Yule wa kwanza, Mama alimpokea kwa vigelegele."

Akavuka barabara. Afisa alisimama kidogo, kisha akavuka nyuma yake, akamfuata kwa umbali wa hatua tatu, akipita mbele ya fundi viatu, mbele ya duka la vyombo, mbele ya watu wa kiwandani waliokuwa wamesimama kununua vocha na sasa wamesahau kuzinunua.

"Tembea sawa na mimi," Nukta akasema bila kugeuka. "Huendi kukamatwa."

Akaongeza hatua.